Nilivyokataa Achapwe Binti wa Endulen

Nilipofika kufundisha Karatu, vita vya Uganda vilikuwa vimekwisha na madukani sabuni haipatikani. Mkuu wa shule alinikabidhi funguo za bweni la wasichana pamoja na fimbo ya mpera. "Malezi ndiyo haya," akasema. Funguo nilizichukua. Fimbo niliiacha mezani kwake, na tangu siku ile hatukupikika chungu kimoja.

Chuoni nilifundishwa njia nyingine: mwite mwanafunzi peke yake, mketishe, mwulize kinachomsumbua, kisha umsikilize. Wa kwanza kuletwa kwangu alikuwa binti wa mkulima, Mmbulu kama mimi, aliyekuwa akitoroka mara kwa mara. Nilimsalimu kwa Kiiraqw, lugha yetu, akamwaga yote: mama yake mgonjwa kitandani, wadogo zake hawana wa kuwapikia. Nikampigania apewe ruhusa ya kwenda kwao kila Jumamosi. Hakutoroka tena. Nikajiona bingwa.

Ndipo akaletwa binti wa Endulen, kijiji cha wafugaji, Mmasai wa kidato cha pili, hodari wa hesabu. Kaka yake alikwenda vitani na hakurudi. Habari za kifo zilimkuta hapo hapo shuleni. Tangu hapo hakusema na mtu. Asubuhi hiyo alikuwa amevunja vioo vya bwalo kwa mkono mtupu.

Nilimfunga kitambaa kwenye jeraha, nikamketisha, nikaanza maswali yangu. Nilipotaja jina la kaka yake alisimama ghafla, kiti kikaanguka.

"Mwalimu, huyo hatajwi."

"Lakini mwanangu, ukisema utapata nafuu."

"Labda ninyi. Kwetu aliyekufa haitwi jina. Ukimtaja tena naondoka kwa miguu mpaka nyumbani, simba wanile huko njiani."

Sikumtaja tena. Lakini mkuu alikuwa amesikia kishindo cha kiti. "Njia yako tumeiona," akaniambia. "Sasa tutumie yangu." Mwalimu wa dini naye alitaka binti aombewe, pepo limtoke.

"Hana pepo," nikasema. "Ana msiba."

Kesho yake paredi ilikusanyika, na binti akaitwa mbele kuchapwa. Nilikuwa mwalimu wa kike, mgeni, sijathibitishwa kazini. Hata hivyo nilitoka kwenye mstari wa walimu, nikasimama kati yake na mkuu.

"Anza na mimi, Mkuu."

Akanitazama, akawatazama wanafunzi, kisha akageuka kurudi ofisini na fimbo yake.

Nilikuwa nimefuga ng'ombe mmoja nyuma ya nyumba. Nilimwomba binti awe anakuja jioni tukamue pamoja. Sikumwuliza kitu. Tulizungumza habari za ng'ombe, majani na mvua iliyochelewa, na siku nyingine hatukuzungumza kabisa. Wenzangu walinisema: eti huo ni ushauri gani, mwalimu na mwanafunzi kukaa zizini kama bubu? Niliwaacha waseme.

Jioni moja, uso ameuegemeza ubavuni mwa ng'ombe, akasema, "Kuna mtu alibishana na baba mpaka nikaletwa shule. Baba alimpiga rungu, na bado akabisha." Machozi yakamtoka, mikono ikiendelea kukamua. Sikuuliza ni nani. Nilishika ndoo isimwagike, tukakaa hapo mpaka alipomaliza.

Vioo havikuvunjwa tena, na darasani akaanza kujibu maswali. Mkuu hakusamehe. Alinishtaki wilayani kwa kumvunjia heshima, nikaitwa mbele ya ofisa elimu.

"Mmoja ulimhoji, mwingine ulimnyamazia," ofisa akasema. "Njia yako hasa ni ipi?"

"Namtazama kwanza aliyekaa mbele yangu, mzee."

"Hilo si jibu."

"Sina jingine. Nikirudi kesho nitafanya vile vile."

Nilipewa uhamisho. Binti alibaki, akamaliza kidato cha nne, baadaye akasomea uuguzi. Siku nilipoondoka, lori likiningoja barabarani na mkuu amesimama mlangoni kwake, binti alivuka uwanja mbele ya wote, akainamisha kichwa kama vijana wa kwao wanavyowaamkia wazazi, ili waguswe utosini. Mimi, Mmbulu, nisiye wa kabila lake, nikaweka kiganja juu ya kichwa chake, na sikuwa na haraka ya kukiondoa.