Miaka Yetu Juu ya Pantoni ya Ruvu

Siku niliyoripoti kazini kwenye kivuko cha mto Ruvu, Mkuu wa Kivuko hakunipa kazi yoyote. Alinikalisha ukingoni akaniambia niyatazame maji. Jua liliposhuka akaniuliza, "Umeona nini?"

"Nimeona maji yanapita, mzee."

"Basi kesho tena."

Nilikuwa kijana wa Maneromango, mtoto wa mkulima wa mihogo, na mto niliujua kwa kuuvuka tu. Yeye ndiye aliyenifundisha kuusoma. Maji mekundu maana yake mvua imenyesha huko juu, milima ya Uluguru, hata kama kwetu jua linawaka. Yakianza kubeba magogo, unafunga kivuko, hata abiria awe nani. Pantoni yetu haikuwa na usukani. Ilishikiliwa na waya mnene wa chuma uliovutwa toka ukingo hadi ukingo, nayo ilitembea kwa makapi, yaani magurudumu yanayoviringika juu ya waya huo. Gogo likiigonga vibaya waya unakatika, na waya ukikatika huna tena chombo, una bati linaloelea.

Nilipopanda cheo kuwa nahodha, nilihamishiwa kivuko cha chini, upande wa Kisarawe. Nyumba ya mtumishi ilikuwa imechukuliwa na mafuriko, umebaki msingi. Nahodha aliyenitangulia alikuwa akilala kijijini, wezi wakaja wakafungua injini wakaondoka nayo. Kwa hiyo Mhandisi, mkubwa wetu wa ofisini, akaamuru nahodha alale pale pale. Palikuwa na pantoni kuukuu, haivushi tena, imefungwa kwa minyororo kando ya ukingo, na juu yake kibanda cha bati.

"Kaa humo kwa muda," Mhandisi aliniambia. "Nyumba tunajenga mwakani."

"Nina mke na mtoto, mheshimiwa."

"Waje. Ni nyumba tu, ila iko juu ya maji."

Mke wangu Zaituni alikuja kutoka Msimbu na godoro, vyombo na kuku wawili. Binti yetu Tatu ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kutembea. Zaituni alisimama ukingoni muda mrefu. "Baba Tatu," akasema, "hapa mgeni atapiga hodi wapi?"

Tukazoea, kama mtu anavyozoea jino bovu. Mchana chuma kilichemka, hukanyagi bila ndala. Zaituni alipikia jiko la mkaa juu ya trei ya mchanga ili cheche zisifike kwenye mapipa ya dizeli. Tatu tulimfunga kiunoni kwa kipande cha khanga, ncha ya pili tukaifunga kwenye nguzo, maana mamba walikuwapo na hawakujificha. Mtoto alijua urefu wa khanga yake kuliko alivyojua jina lake. Ndugu walikuja mara moja, wakala, wakaaga kabla chai haijachemka. Mwaka huo ukafika, nyumba haikuja. Nilipouliza, Mhandisi alikuwa amehamishwa, na aliyekuja hakujua habari hizo.

Kisha Zaituni akashika mimba ya pili.

Uchungu ulimwanza katika masika, mto umejaa. Kituo cha afya kilikuwa ng'ambo, Mlandizi. Nikampigia simu Mkuu wa Kivuko kule juu, maana katika vivuko vyote viwili hakuna pantoni iliyotoka siku ya mafuriko bila kauli yake.

"Maji yakoje?"

"Mekundu. Yana magogo."

"Nahodha," akasema, "jibu unalo."

Zaituni alikuwa amelala kibandani, anasikia. "Usiitoe," akaniambia. "Ukizama na mimi, Tatu atabaki na nani?"

Tukampakia kwenye bodaboda, mwanamke mmoja wa kijijini akamshikilia kwa nyuma, tukaifuata barabara ya Kisarawe kwenda hospitali ya huko. Mimi nilikimbia kwa miguu. Tope liliwashinda kabla ya nusu ya njia. Alijifungulia nyumbani kwa mkulima tusiyemjua, mtoto wa kiume. Mtoto alipumua mpaka alasiri tu. Tulimpa jina Salehe, tukamzika katika makaburi ya kijiji, juu ya ukingo, pale pale tulipokaa.

Maji yalipopungua Mkuu wa Kivuko alivuka kuja kutoa pole. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kofia mkononi. "Ulifanya nilivyokufundisha," aliniambia. Sijui mpaka leo kama alikuwa ananisifu au anajilaumu. Zaituni alimletea chai, akamwamkia shikamoo, akarudi kibandani.

Baadaye ofisi ikatupa nyumba ya matofali upande wa Mlandizi, ina umeme na choo. Nilikwenda kumwambia mke wangu mbio mbio kama kijana.

"Nenda wewe," akasema. "Mimi nina mtu huku."

"Lakini Zaituni, wewe ndiye uliyekuwa hulali kwa ajili ya pantoni hii."

"Pantoni siitaki. Nakaa karibu na mwanangu."

Basi tukabaki. Tatu akaanza shule akitokea kwenye pantoni. Kila masika mto ulikuwa unaumega ukingo na kuyakaribia makaburi. Zaituni alipanda matete, akabeba mawe kichwani, nami nikitoka zamu nilibeba naye. Wanakijiji walitusaidia mwaka wa kwanza, wakachoka. Sikuwalaumu. Mto haubishani na mawe ya mtu mmoja.

Asubuhi moja baada ya mvua kubwa, ukingo wote ulikuwa umeporomoka. Palipokuwa na kaburi la Salehe sasa palipita maji. Zaituni alitazama, hakulia. Alirudi kibandani akaanza kukunja godoro.

"Sasa twende," akasema.

Sasa daraja limejengwa, pantoni zote mbili zimekatwa zikauzwa chuma chakavu. Nimestaafu, tunakaa Mlandizi. Tatu ni mwalimu Kibaha, huja Jumapili. Vijana wa kazi hii walioko vivuko vingine hunitembelea wakiwa na maswali, na yupo kila mara mmoja anayeniuliza kama nilifanya sawa siku ile kwa kutovusha. Nawaambia ndiyo, ilikuwa sawa. Ningevusha, tungekufa wote. Nawaambia kwa sauti ya chini, kwa sababu Zaituni yumo ndani anasikia, na jibu hilo yeye hajawahi kuniomba.