Mashine Ije, Mwenyewe Abaki Lodwar

Agot alikuwa mwalimu wa kwaya pale Kakuma, kambi ya wakimbizi, mwanamke wa Kidinka aliyefika kambini kwa miguu mwaka tisini na mbili. Kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa hakujua. Mpumbavu alimwita mpumbavu, awe mchunga mbuzi au mchungaji. Basi Lokorio alipotoka Lodwar na mashine yake ya kurekodia kaseti, maskini hakujua anaingia kwa nani.

Alikuja kurekodi wimbo wa mama Aluong. Bibi huyo aliutunga mwenyewe, kuwalilia watoto waliozikwa njiani wakati wa kukimbia vita, na hakuna mwingine aliyeweza kuuimba. Wiki hiyo hiyo angepanda ndege kumfuata mwanawe Australia. Akishaondoka, wimbo nao umeondoka.

Lokorio alimpanga Aluong na waimbaji wa kumwitikia nje ya kanisa, mchana, upepo ukivuma mchanga, akaiweka maikrofoni karibu na ngoma. Mdomo wake haukutulia: levo, trebo, frikwensi, miksa. Alikuwa amekaa Nairobi miezi michache, na alichorudi nacho ni maneno hayo na miwani ya jua.

"Na huu upepo?" Agot akauliza.

Lokorio akagonga kitufe kwenye mashine. "Usijali, mama. Hii ni ya kupunguza kelele. Upepo, mbuzi, mtoto ya kulia, yote itameza." Akakigonga tena kwa madaha.

"Itajuaje kwamba mbuzi ni kelele na Aluong si kelele?"

"Ni teknolojia, mama."

Agot akamtazama kama mtu anavyotazama maziwa yaliyoingia nzi.

Kila ngoma ilipopigwa, sindano ya levo, ile ya kupima ukubwa wa sauti, ililala kwenye nyekundu. Lokorio akafurahi, akasema hiyo ni nguvu. Akakigonga kitufe tena, kaseti ikasikilizwa: ngoma ilipasuka kama bati linalochanwa, upepo ulinguruma, na Aluong alisikika kama aliyefunikwa blanketi.

"Hiyo ndiyo saundi ya Nairobi," akasema Lokorio.

Waimbaji kadhaa wakaitikia kwa vichwa, wakiona aibu kuonekana hawajui. Agot akawadharau na wao.

"Niachie mashine mpaka kesho."

"Mashine si sufuria, mama."

"Na wewe si fundi, lakini tumekuvumilia."

Mchungaji akaingilia kati, mashine ikabaki. Jioni yote Agot alijirekodi akihesabu namba kwa Kidinka, kitufe kikiwa kimebonyezwa ndani, kikiwa nje, akisikiliza kila namna. Akaelewa. Kitufe kile hakikumeza mbuzi hata mmoja. Kazi yake ilikuwa kupunguza ule mvumo wa tepu yenyewe, shhh, kama mchanga unaomiminwa. Wakati wa kurekodi kiliinua sauti nyembamba. Wakati wa kusikiliza kilizirudisha mahali pake, na mvumo ukashuka nazo. Lokorio, kwa madaha yake, alikuwa amekibonyeza mara mbili, kwa hiyo alirekodi kikiwa kimezimwa. Halafu akasikiliza kikiwa kimewashwa, kikashusha kisichokuwa kimeinuliwa. Agot alipokizima na kuipiga tena kaseti ya mchana, blanketi lilimtoka Aluong. Lakini upepo na ngoma iliyopasuka vilibaki, maana hivyo vilikuwa vimeshaingia kwenye tepu, na hakuna wa kuvitoa.

Alfajiri, kabla upepo haujaamka, alimketisha Aluong ndani ya nyumba yake ya udongo, mablanketi yametundikwa ukutani kuzuia mwangwi. Ngoma akaiweka nje ya mlango. Maikrofoni ikakaa shubiri moja kutoka mdomo wa bibi, na sindano haikugusa nyekundu. Kitufe kilikuwa ndani bibi alipoimba, kikawa ndani waliposikiliza.

Aluong alisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya magoti.

"Ni mimi huyo?"

"Ni wewe, mama."

"Basi hata nikienda, watoto wangu hawajaachwa peke yao." Agot akageuka kidogo, asionekane uso.

Lokorio alifika jua likiwa limepanda, akasikiliza, akatabasamu. "Si niliwaambia? Mashine yangu ni kali!"

Jumapili, Aluong akiwa ameshasafiri, kaseti ilipigwa kanisani watu wakalia, na Lokorio akasimama apigiwe makofi. Agot alibaki ameketi, mikono amefumbata.

Mwaka uliofuata kwaya ilipotaka kurekodi tena, alimwambia mchungaji aagize mashine peke yake, mwenyewe abaki Lodwar. Ikawa hivyo.