Mama Aliyemtafuta Skola Uwanjani

Cheka tu. Nikisema natoka Sumbawanga, watu huanza kuniuliza habari za uchawi, za ungo na radi. Hili halina ungo wala radi. Lilinipata mimi mwenyewe, mchana, na akili zangu timamu.

Nauza chai Majengo, ukingoni mwa uwanja wa zamani, ule wenye mlingoti, ambako sherehe zote za mkoa zilifanyika mji ulipokuwa mdogo. Jirani yangu ni dada Skola, fundi cherehani, mvi kichwa kizima. Akiwa mtoto wa kutambaa aliokotwa uwanjani hapo baada ya sherehe, jina lake limedariziwa kwenye nguo, masista wakamlea misheni ya Kaengesa. Ukimtajia mama yake, alikuwa akijibu, "Yule aliyenitupa?" Kisha anakanyaga cherehani kwa nguvu.

Sasa, alasiri moja ya mwezi wa saba, ukungu ulishuka hadi mlingoti ukapotea. Skola alikuwa ameenda kununua uzi. Akanijia msichana wa miaka ishirini hivi, khanga imelowa, miguu mitupu kwenye baridi ile.

"Shikamoo mama. Hujamwona mtoto wangu? Nilimwacha chini ya mlingoti nimfuatie maji. Watu walikuwa wengi, nikaanguka, sikuweza kuinuka."

Watu gani, jamani? Uwanja ulikuwa mtupu!

"Marahaba. Mtoto anaitwa nani?"

"Skolastika."

Nikamtazama vizuri. Ule mwanya wa meno, ile sauti ya puani, alikuwa Skola kabisa, ila mdogo wa kutosha kuwa mjukuu wake. Ningefanyaje? Nikampa kikombe cha chai. Akakishika kwa mikono miwili, hakunywa.

"Ngoja nimpelekee yeye kwanza," akasema. "Hajala tangu asubuhi."

Akaingia kwenye ukungu. Skola aliporudi nilimvuta mkono, tukakimbia. Chini ya mlingoti palikuwa na kikombe changu, kimejaa, chai imepoa kama maji ya mtoni. Nyasi zilikuwa na umande, hazikukanyagwa popote ila tulipopita sisi.

Nikamweleza yote. Alisikiliza akiwa amesimama.

"Alisema alinifuatia maji?"

"Ndiyo, dada."

Akaketi pale pale chini, akainywa ile chai yote. "Hasira nilishaizoea," akasema. "Huruma hii nitaipeleka wapi?"

Tangu hapo, ukungu ukishuka tu, Skola anafunika cherehani na kwenda kukaa pale. Kifua kimembana, anakohoa hadi anainama. Masista wamekuja kumbembeleza, paroko amemsomea marehemu mama yake misa. Hasikii. "Akija asinikose tena," ndilo jibu lake. Na yule msichana hajarudi.

Nawe unayenisikiliza, kama kuna mtu unayesema alikutupa, ulizia habari zake mapema. Usimhukumu kabla hujajua kilichomwangusha njiani.