Texas Ni ya Upande Gani?

Duka la Baba lilinukia misumari mipya, rangi ya mafuta na mipira ya baiskeli, na asubuhi ukungu wa Butembo, mji wetu wa milimani mashariki mwa Kongo, uliingia humo kama mteja asiye na haraka. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba mtu haulizwi jina kwanza. Mgeni akisimama mbele ya meza, Baba alimtupia swali moja: "Uko mutu ya wapi?" Akitaja Lubero, Baba anatabasamu. Akitaja Kyavinyonge, anaulizwa habari za samaki. Akitaja Beni, Baba anageuza shingo kumtafuta Mama, mzaliwa wa Beni, apate kumchokoza. Kwa Baba dunia nzima ilikuwa na pande mbili tu: watu wa baridi, wanaokula viazi na maharagwe na kushika neno lao, na watu wa joto, wanaokula ndizi na kuimba hata nyumba ikiungua. Mama alifyonya. "Mutu ya baridi," alimjibu kwa Kiswahili chetu cha kuchanganya na Kifaransa, "mais chakula ya moto unaipenda sana." Sisi watoto tulicheka mpaka tukapaliwa, kwa kuwa ugomvi wao huo ulikuwa ndio redio yetu.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa darasa la sita, mvua zilikuwa zimeanza, na dada yangu Masika alikuwa amechumbiwa na Kakule, kijana wa Vuhovi aliyesoma naye sekondari. Kakule alikuwa amepitia Kampala kama mkimbizi, na kutoka huko akapelekwa Marekani. Aliahidi kwamba atafika Kampala kabla ya Noeli, wafunge ndoa, kisha aanze shughuli za kumchukua mkewe. Kama wazee hawangekubaliana kabla ya hapo, angerudi kazini kwake peke yake, na nani ajuaye angepata lini nafasi nyingine ya kuja. Masika alijifanya hana wasiwasi. Lakini maharagwe aliyatia chumvi mara mbili, nguo zilizokauka alizianika tena, na ukimwita alishtuka kama mwizi. Nilimpenda dada yangu kuliko mtu yeyote, na sikutaka aondoke. Hata hivyo sikuweza kustahimili kumwona anavyokonda.

Jumapili moja shangazi yake Kakule, tantine kama tulivyomwita, alifika na wazee wawili na mbuzi. Kwetu mahari ni mbuzi, na kabla hawajapokelewa, wenye mtoto ni lazima wajue binti atakwenda kupika kwenye mlima gani, katikati ya watu gani. Ikiwezekana hutumwa mtu akaone kwa macho yake. "Vuhovi tunaijua," Baba akasema. "Mais mutoto hatakaa Vuhovi. Atakaa wapi?" Tantine akajibu kwamba atakaa Texas. "Texas iko ya upande gani?" "Ya kusini," tantine akasema bila kusita. Mzee mmoja aliyekuja naye akamkatiza: "Hapana! Iko ya magharibi. Kule kwa bale batu ya kofia kubwa na farasi." Wakaanza kubishana wao kwa wao, mbele ya wakwe! Aibu gani hiyo, jamani. Ili kuokoa jahazi, tantine akampigia Kakule, akaiweka simu mezani tumsikie wote. Na huyo kijana, kwa ukweli wake wa kijinga, akasema: "Papa, hata hapa kwenyewe batu banabishana. Bengine banasema kusini, bengine magharibi, bengine banasema Texas ni Texas tu." Angetaja upande wowote, hata kama ni wa uongo, Baba angekunywa chai yake na mambo yangekwisha. Badala yake alikunja mikono. "Mahali yenyewe haijui upande yake, miye natuma mutoto namna gani? Mbuzi zirudie Vuhovi." Mbuzi wakarudi kweli, wakilia njia nzima, na Masika akajifungia jikoni.

Kuuliza si ujinga, nikajiambia, nikalipeleka jambo hilo shuleni. Mwalimu wetu wa jiografia alipenda mjadala kuliko chakula cha mchana. Aliligawa darasa papo hapo. Waliosema kusini walitoa hoja za joto na mashamba ya pamba. Waliosema magharibi walitaja ng'ombe, vumbi na filamu walizoziona, mmoja akapanda juu ya dawati kuonyesha jinsi watu wa huko wanavyotembea. Halafu akasimama Zaina, binti wa familia ya Waislamu wa Beni, ambaye baba yake alisafirisha bidhaa kwa lori. Alikuwa amefika na baba yake Kasindi, mpakani na Uganda. Akasema Texas inapakana na Mexico, kwa hiyo ni kama Kasindi tu: watu wanaingia na kutoka, wanasalimiana kwa lugha ya huku na ya kule, na hakuna anayekuuliza upande wako isipokuwa askari. Darasa likapiga makofi. Kengele ikalia bila mshindi, nami nikakimbia nyumbani nikiwa nimebeba hoja zote tatu, nikiamini kwamba Baba atalegea. Wapi! "Unaona?" akamwambia Mama. "Hata masomo haijui." Masika alirudi jikoni, na mimi nikatamani ardhi ipasuke.

Wiki iliyofuata tuliteremka Beni sote kwa ubatizo wa mtoto wa mjomba. Unashuka kutoka baridi yetu, na kabla hujafika unaanza kuvua sweta, na hewa inabadilika kuwa mawese, ndizi za kuchoma na majani mabichi. Baba alivua koti lake, akakaa katikati ya shemeji zake, akaanza kuwalalamikia habari za Texas. Walimsikiliza kwa adabu. Kisha mjomba, kaka mkubwa wa Mama, akamwuliza: "Na Beni, shemeji, iko ya upande gani?" "Ya joto," Baba akajibu. "Hapana, ya pori," akasema mjomba wa pili. "Pori wapi!" akaruka wa tatu. "Siye tuko batu ya mulima. Hauoni Ruwenzori?" Mwingine akadai kwamba Beni ni ya tambarare, ya Semliki, na asiyejua hilo hajawahi kulima. Walibishana kwa sauti hata wageni wa jirani wakaja kuamua, nao wakagawanyika. Samaki alipoa kwenye sahani. Ndipo Mama, aliyekuwa akigawa ugali, akasimama mbele ya mumewe. "Na weye," akasema, "wakati ulikuja kuniposa hapa, papa yangu alikujibu nini?"

Baba akajitia kuchambua miba ya samaki. Mama akasema mwenyewe: babu alikuwa amemkataa. Alimwuliza kwao ni wapi, naye akajibu kwa majivuno, Butembo. Babu akamwambia kwamba Butembo ni soko, kila mtu pale ametoka kwingine, na yeye hawezi kumpa binti yake mtu wa sokoni. Mkuki kwa nguruwe! Wajomba waliangua kicheko, wakapigana mabega, na Baba, mtu wa baridi, akatokwa na jasho. Mimi na mdomo wangu nikauliza: "Na sasa, ilikuwaje akakubali?" Nilidhani nitapigwa. Lakini Baba alikohoa, akanijibu taratibu. "Aliniuliza, ukigonjwa pale Butembo, nani anakupikia uji? Nikamutajia. Mama moja ya Lubero, jirani yangu. Fundi moja ya Kisangani. Famille moja ya Baislamu, bao ndio bananiletea maji. Akasema, bon, iko na batu." Baada ya kusema hivyo akanyoosha mkono, akaomba simu.

Hakusalimu hata. "Kakule, ukigonjwa kule Texas, nani anakupikia uji?" Nilishika pindo la kitenge cha Mama nikaliminya. Kakule hakuwa ameelezwa kitu, na huenda ndiyo sababu alijibu vizuri. Alisema aliugua malaria mwezi wake wa kwanza. Mama mmoja wa Mexico anayekaa ghorofa ya chini yake alimletea supu ya kuku kila siku, ingawa hawasikilizani lugha, na mumewe akampeleka hospitali kwa gari lake. Kuna mzee mmoja mzungu, mzaliwa wa palepale, anayesali naye na kumwita mwanangu. Na Jumapili anakula sombe, majani yetu ya muhogo, kwa watu wa Goma. Baba alimwacha amalize. "Bon," akasema. "Ambia batu yenu ya Vuhovi, balete mbuzi." Mama akapiga kigelegele kilichomwamsha mtoto aliyebatizwa. Nilikimbia uani, Masika alikuwa akiosha sufuria, nikamwambia bila kupumua. Alikaa palepale kwenye tope na gauni lake la kuendea ubatizo, akalia, akacheka, akanipiga kofi la begani ambalo niliona fahari kuonyesha alama yake.

Leo duka ni langu. Vijana wanaonunua misumari kwangu wanaposana kwa simu, na hakuna anayeulizwa mlima. Siwalaumu, ingawa nimewaona mabibi harusi wakiondoka kwenda miji ambako hawamjui hata jirani mmoja, na roho inaniuma. Siku hizi tukitaka kushuka Beni tunapiga simu kwanza kuuliza kama njia ni salama, na mara nyingi tunabaki. Zamani tulikwenda kwa ubatizo tu na kurudi tumebeba ndizi. Masika ana watoto watatu huko Texas, na ananiambia kwamba wenyeji hawajaacha kubishana kuhusu upande wao, sasa na yeye anabishana nao.

Baba alipofariki, mimi ndiye niliyepaswa kumwambia Masika. Tangu asubuhi nilishughulika na jeneza, na wapishi, na padri, macho yangu makavu, kwa sababu nilimfikiria yeye tu: atazipokeaje habari hizi akiwa peke yake, nje ya nchi, na Kakule yuko kazini. Mwishowe nikapiga. Masika akapokea, na kabla sijafungua mdomo nikasikia nyuma yake sufuria zikigongana, sauti za wanawake wengi, na mtu anayelia kwa lugha nisiyoijua. Wakwe zake wa Vuhovi walikuwa wamenitangulia kumfikishia habari. "Uko na nani?" nikamwuliza. "Nyumba imejaa, Katungu," akasema. "Hata viti vimeisha." Nikakaa chini, sakafuni, kati ya masanduku ya misumari, nikaanza kumlilia Baba.