Kompyuta Yangu na Ng'ombe wa Mzee

Leo mzee wangu kaishinda kompyuta yangu bila hata kuinuka kwenye kigoda.

Mnajua kazi yangu ni kuandika programu. Wikiendi naandika nyingine za kujifurahisha tu, na hii ya sasa inahesabu ng'ombe kwa kamera. Nimeifunga mlangoni mwa zizi la nyumbani, Ilongero.

Jioni ng'ombe wamerudi. Kompyuta ikasoma kumi na tisa. Wote wapo!

Hapo hapo nikarusha video kwenye grupu la madeveloper wenzangu. Makopakopa yakamiminika.

Mzee akauliza, "Yule mwekundu mwenye baka usoni ni wa nani?"

"Si wetu, baba?"

"Wa jirani. Na mweusi wetu aliyevunjika pembe yuko wapi?"

Jamani.

Kumi na tisa ni kweli, ila mmoja mgeni, na wetu kaenda kulala kwa jirani. Nikashika fimbo nikaenda kuwabadilisha, simu inaendelea kulia kwa pongezi mfukoni.

Anayetaka kucheka acheke sasa. Programu yangu ni nzima, kesho naanza kuifundisha sura za ng'ombe wetu.

Mzee amekubali kuwa mwalimu. Sharti lake moja: kwanza niwajue mimi.