Pumzi ya Tarumbeta ya Kwanza

Léonard alikuwa karani wa shule ya sekondari katika mtaa wa Kamalondo, lakini watu walimjua zaidi kwa penseli yake. Alichukua nyimbo za zamani za roki na bluzi, zilizotungwa kwa magitaa mawili na ngoma, akazipanga upya kwa bendi kubwa ya jazi: saksofoni tano, tromboni nne, tarumbeta nne. Hakuandikia ala, aliandikia watu. Alijua pumzi ya kila mpigaji inafika wapi, na pale pa kuvuta hewa alitia alama ndogo juu ya mstari.

Kwenye karatasi za tarumbeta ya kwanza, alama hizo zilikuwa zikiongezeka tangu mwezi wa tatu. Mpigaji alikuwa Katongo, rafiki yake wa miaka thelathini, aliyesaga mawe mgodini miaka ishirini. Siku hizi alikohoa kikohozi kikavu, uso kaugeuzia ukutani.

“Iko vumbi tu,” alisema. “Unikatie ile note ya mwisho, Léo. Na usiambie muntu.”

Léonard akaikata. Noti ya mapigo kumi na sita ikawa nane, kisha nne. Yaliyobaki aliwapa wapiga saksofoni, kwa ustadi kiasi kwamba hata bendi yenyewe haikugundua. Watu walisifu kwamba wimbo umenoga zaidi.

Jumapili moja baada ya misa, Lydie, mke wa Katongo, alimsimamisha mbele ya kanisa.

“Papa Léo, bantu banasema bwana yangu anakonda, nimupeleke ku hôpital. Nikabacheka. Mugonjwa anaweza piga trompette vile? Na weye ungeniambia, hein?”

Léonard alitabasamu tu. Usiku hakulala.

Wiki hiyo aliandika upya karatasi za Katongo. Alama zote akazifuta, noti ya mwisho akairudishia mapigo yake kumi na sita. Kisha akamwalika Lydie kwenye mazoezi ya Jumamosi mchana.

Katongo alisoma karatasi, akamwona mkewe kwenye kiti cha mbele, akamgeukia Léonard.

“Unaniuza?”

“Umuambie weye mwenyewe. Ama upige.”

Wapiga tromboni wakacheka, wakidhani ni utani wao wa siku zote. “Vieux, muzee wetu, anaogopa! Mumuletee maziwa sawa mutoto!”

Katongo akainua tarumbeta. Wimbo ukapanda, ukafika mwisho wake. Pigo la kwanza, la pili, la tano. Shingo ikamvimba. La sita, sauti ikapasuka, ikatoka hewa tupu. Saksofoni zikanyamaza moja baada ya nyingine, na ukumbini kikabaki kifua kimoja kinachokwaruza.

Lydie alikuwa ameshasimama. Alimtazama Léonard, si mumewe.

“Depuis wakati gani? Tangu lini?”

“Mwezi ya tatu.”

Lydie akapiga magoti mbele ya kiti alichokalia Katongo, akaanza kumfungua vifungo vya shati.

“Muite taxi,” alisema bila kugeuka. “Na kwetu ku nyumba, usifike tena.”