Masweta ya Dorosela Hayaishi

Dorosela wa Mjimwema, hapo Njombe, alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kufuma sweta baya. Miaka kumi na minane alifuma masweta ya shule kwa uzi mzito, viwiko akavifuma maradufu, mikono akaiacha mirefu ili mtoto aikunje mpaka akue. Kaka akimaliza shule, sweta linakwenda kwa mdogo wake, kisha kwa mdogo wa huyo. Wazazi walimsifu mpaka kanisani. Kurudi kununua jingine, ndiyo hawakurudi.

Obed wa Makambako hakuugua ugonjwa huo. Masweta yake yalipendeza muhula wa kwanza, muhula wa pili yakaachia nyuzi, na kila Januari wazazi walipanga foleni dukani kwake. Basi shule moja ilipotangaza zabuni, Dorosela alijua akikosa atauza mashine yake ya pili ya kufumia, na Elina, mwenzake wa kazi, atarudi kulima viazi.

Akakosa.

"Lako zuri, mama," mwenyekiti wa kamati alimwambia kwa upole, "ila la Obed bei nafuu." Mwenyewe alikuwa amevaa sweta la Dorosela, alilonunua kabla hajaota mvi. Dorosela ilimuuma sana.

Juni baridi ilipokaza, masweta ya Obed yakatoboka viwiko, na wazazi wakayaleta kwa Dorosela kurekebishwa. Kwa malipo hayo, mashine haikuuzwa. Elina akamshauri azibe matundu juu juu, ili watu warudi mwezi ujao. Nani amsikilize? Dorosela alifumua mikono yote akaifuma upya kwa uzi wake ule ule mzito.

Januari hakuna aliyerudi kwake, wala aliyekwenda kwa Obed. Obed akapanda gari mpaka Mjimwema, uso umemshuka.

"Kamwene, mama," akamsalimu. "Unaniua kibiashara."

"Kamwene. Keti, chai ipo."

"Ungeyarekebisha vibaya kidogo tu, sote tungekula."

Dorosela alilifikiria jambo hilo kwa dhati, maana mchana huo mnunuzi alikuwa anakuja kuchukua ile mashine ya pili. Kisha macho yake yakatua kwenye kiwiko cha Obed, pale sweta lilipoanza kuachia.

"Vua hilo," akamwambia, "kabla halijafumuka lote."

Elina, aliyekuwa akiifuta mashine ili mnunuzi aikute safi, aliguna, akaenda kumletea uzi mzito.